Mto Katika Ngao: Ishara za Nembo ya Ukoo wa Speke na Madai ya Chanzo cha Nile

Ikisiri

Makala haya yanaisoma nembo ya ukoo wa Speke wa Somerset, Uingereza, kama hati ya kihistoria. Mwaka 1867, miaka mitatu baada ya kifo cha msafiri John Hanning Speke, Malkia Victoria aliuruhusu ukoo huo kuongeza katika nembo yake maji yanayotiririka, neno "Nile", mamba na kiboko. Makala yanaonyesha kwamba nyongeza hiyo ilitolewa wakati suala la chanzo cha mto huo lilikuwa bado linabishaniwa, na kwamba ishara zake ziligeuza dai la kijiografia kuwa mali ya kurithiwa. Ili kuipima maana ya ishara hizo, makala yanazilinganisha na mfumo wa muziro wa koo za Buganda na nembo ya taifa la Uganda ya mwaka 1962. Hoja kuu ni kwamba nembo haithibitishi tukio. Inatuonyesha ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kulitangaza tukio hilo kuwa lake.

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa Afrika Mashariki wamezisoma kwa makini shajara, barua na ramani za wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19. Nembo za koo zao hazijapewa uzito huo. Huenda sababu ni kwamba nembo huonekana kama pambo: picha iliyochongwa juu ya mlango wa nyumba, iliyogongwa katika muhuri au iliyochorwa kwenye kaburi. Hata hivyo, katika sheria na desturi ya Uingereza nembo ni zaidi ya pambo. Ni haki iliyoandikwa, yenye mwenyewe, yenye tarehe na yenye mamlaka iliyoitoa. Kwa hiyo inaweza kuulizwa maswali yaleyale tunayoyauliza kwa hati nyingine: nani aliiandika, kwa ajili ya nani, lini, na ni jambo gani imelinyamazia.

Nembo ya ukoo wa Speke inatuhusu moja kwa moja. Ishara zilizoongezwa humo mwaka 1867 zimetoka katika ziwa letu, katika mto wetu na kwa wanyama wetu. Atakayeitazama akiwa Jinja, Mwanza au Kisumu atavitambua vitu vilivyochorwa kabla hajafahamu kanuni iliyoviweka pale. Lengo la makala haya ni kuieleza kanuni hiyo, kisha kuonyesha kilichotokea pale ilipotumika kuusema mto ambao tayari ulikuwa na majina, wenyeji na ishara zake.

2.0 Kanuni za Nembo katika Desturi ya Kiingereza

Nembo za Ulaya zilianza kuenea katika karne ya 12, wakati wapiganaji waliofunika nyuso kwa kofia za chuma walipohitaji kutambulikana. Alama iliyochorwa juu ya ngao ikawa ya mtu mmoja, na baada yake ikawa ya uzao wake. Huko Uingereza usimamizi wa haki hiyo ulikabidhiwa Chuo cha Nembo cha London, kilichopewa hati yake ya kwanza ya kifalme mwaka 1484. Jambo moja linapaswa kuwekwa wazi mapema, kwa kuwa hukosewa mara nyingi: katika desturi ya Kiingereza nembo si ya kila mwenye jina fulani. Ni ya mtu aliyepewa na ya wazao wake halali kwa upande wa kiume. Mtu mwingine anayeitwa Speke, asiyetoka katika mstari huo, hana haki nayo.

Nembo kamili ina sehemu kadhaa. Kiini chake ni ngao. Sehemu ya juu ya ngao inaweza kutengwa kwa rangi yake, nayo huhesabiwa kuwa mahali pa heshima. Makala haya yataiita kichwa cha ngao. Juu ya ngao hukaa kofia ya vita, na juu ya kofia kishungi, yaani sanamu ndogo ya mnyama au kitu. Kando ya ngao wanaweza kusimama viumbe wawili, mmoja kila upande, wanaoishikilia. Hawa tutawaita washika ngao. Upande wa kulia wa nembo ni ule wa kulia kwa mtu aliyesimama nyuma ya ngao, si kwa mtazamaji, na upande huo una heshima zaidi.

Si kila mwenye nembo aliruhusiwa kuwa na washika ngao. Huko Uingereza hao walikuwa, kwa kawaida, haki ya makabaila wakubwa na wenye nishani za juu. Ukoo wa wenye mashamba usiokuwa na cheo cha ukabaila haukuwa nao. Kwa sababu hiyo, washika ngao wanapoonekana kwenye nembo ya ukoo wa kiwango hicho, msomaji anapaswa kujua kwamba mamlaka ya juu ilitaka kusema jambo lisilo la kawaida.

Palikuwa pia na njia ya kubadili nembo ya zamani bila kuifuta. Njia hiyo iliitwa nyongeza ya heshima. Mfalme au malkia aliruhusu alama mpya iwekwe katika nembo ya mtu kama kumbukumbu ya tendo alilolitenda kwa ajili ya taji. Mfano mashuhuri ni ule wa Horatio Nelson. Baada ya kuishinda meli kwa meli jeshi la majini la Ufaransa huko Abu Qir, Misri, mwaka 1798, Nelson alipewa kichwa cha ngao chenye mtende, meli iliyoharibika na ngome iliyobomoka. Kwa hiyo mto Nile ulikuwa umeshaingia katika nembo ya ukoo wa Kiingereza kabla ya Speke kuzaliwa, na uliingia humo kama jina la ushindi wa vita.

3.0 Nyongeza ya Mwaka 1867

John Hanning Speke alizaliwa mwaka 1827. Ukoo wake ulikuwa wa wenye mashamba wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, na makao yake yalikuwa nyumba ya Jordans karibu na mji wa Ilminster. Nembo yake ya kale haikuwa na uhusiano wowote na Afrika: ngao ya fedha yenye mistari miwili ya buluu iliyolala, na juu ya yote tai mwekundu mwenye vichwa viwili aliyekunjua mabawa. Kishungi chake kilikuwa nungunungu.

Speke aliliona ziwa Nyanza kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo. Mwenzake katika safari, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, yaani Tabora. Katika safari ya pili, akiwa na James Augustus Grant, Speke alikaa miezi kadhaa katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, na tarehe 28 Julai 1862 akafika mahali maji yanapotoka ziwani. Maporomoko hayo akayapa jina la Ripon, mkuu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia wakati safari ilipokuwa ikiandaliwa. Grant hakuwapo, kwa kuwa alikuwa ametangulizwa kwa njia ya Bunyoro. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliotarajiwa kati yake na Burton mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa katika windo huko Wiltshire.

Alikufa bila mke wala mtoto, na bila kupewa cheo cha heshima cha kitaifa. Nyongeza ya mwaka 1867 ilikuwa njia ya kulifidia pengo hilo. Ilipokewa na baba yake, William Speke. Kwa kawaida nembo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana; hapa heshima ya mwana ilipanda kwenda kwa baba, ili kutoka hapo iweze kuwa ya ukoo.

Yaliyoongezwa ni haya. Kwanza, ngao ilipewa kichwa cha rangi ya buluu chenye picha ya maji yanayotiririka, na juu ya maji hayo likaandikwa neno "Nile" kwa herufi za dhahabu. Pili, kiliongezwa kishungi kipya, mamba. Tatu, ukoo ulipewa washika ngao: mamba upande wa kulia na kiboko upande wa kushoto.

Kila moja ya ishara hizo ina historia yake. Mamba alikuwa alama ya Misri iliyotekwa tangu enzi za Warumi. Augustus alipoitwaa Misri, sarafu zake zilimwonyesha mamba, na sarafu za koloni la Nemausus, yaani Nîmes ya leo huko Ufaransa, zilimwonyesha amefungwa kwa mnyororo kwenye mtende. Mji wa Nîmes unaitumia picha hiyo katika nembo yake hadi leo. Kumweka mamba katika kishungi cha Speke hakukuwa kuchora tu mnyama aliyeonekana safarini. Kulikuwa kuazima lugha ya kale ya dola iliyotwaa mto. Kiboko naye aliijaza nafasi ya pili kando ya ngao, hata viumbe wawili wakubwa wa maji ya Nyanza wakasimama kama watumishi, wameinua ngao ya ukoo wa Somerset.

4.0 Neno Juu ya Maji

Linalohitaji kutazamwa zaidi ni neno lililoandikwa. Mabwana wa elimu ya nembo kwa kawaida huyaheshimu maandishi machache iwezekanavyo ndani ya ngao. Ngao ilikusudiwa kutambuliwa kwa mbali na watu ambao huenda hawakujua kusoma. Simba huonyesha kuwa ni simba, na mtende huonyesha kuwa ni mtende. Maji, hata hivyo, hayana sura ya kuyatofautisha. Maji ya Nile hayachoreki tofauti na maji ya Rufiji au ya Thames. Ndiyo maana picha ililazimika kusaidiwa na neno.

Ugumu huo haukuwa wa mchoraji peke yake. Ulikuwa pia ugumu wa Speke mwenyewe. Aliyaona maji yakitoka ziwani, lakini hakuyaandama mfululizo hadi Gondokoro; sehemu kubwa ya njia alikata nchi kavu na kuyakuta maji tena mbele. Hakulizunguka ziwa kuhakikisha kuwa ni moja na kwamba lina njia moja kubwa ya kutokea. Hata hivyo, akiwa njiani kurudi mwaka 1863, alipeleka taarifa London kuwa suala la Nile limekwisha. Wapinzani wake waliuliza swali ambalo mtazamaji wa ngao angeweza kuliuliza pia: tumeona maji, lakini tunajuaje kuwa ni yale? Burton aliendelea kushikilia kwamba ziwa Tanganyika linaweza kuwa ndilo chanzo.

Tarehe zinaeleza uzito wa jambo hili. Nyongeza ilipotolewa mwaka 1867, David Livingstone alikuwa ndani ya Afrika, ameondoka mwaka mmoja kabla, akivitafuta vyanzo vya mto uleule upande wa kusini kabisa. Ni mwaka 1871 ambapo Livingstone na Henry Morton Stanley walithibitisha kwamba mto Rusizi huingia Tanganyika wala hautoki humo. Ni mwaka 1875 ambapo Stanley alilizunguka ziwa Nyanza kwa mashua na kuonyesha kwamba dai la Speke kuhusu maporomoko lilikuwa sahihi. Kwa maneno mengine, herufi za dhahabu ziliandikwa miaka minane kabla ya ushahidi uliozihalalisha.

Tofauti na nembo hiyo ni mnara wa mawe mekundu uliosimamishwa katika bustani ya Kensington, London, katika miaka ileile. Maandishi yake yanamtaja Speke, Victoria Nyanza na Nile, pamoja na mwaka 1864, bila kusema kwamba alikigundua chanzo. Mnara ulisimama hadharani, mbele ya wataalamu waliokuwa wakibishana, hivyo ukawa na tahadhari. Nembo ilikuwa ya nyumba ya mtu, nayo ilisema kwa ujasiri zaidi. Hapa ndipo ilipo hoja ya makala haya. Taji halikuwa na uwezo wa kuamua suala la jiografia, lakini lilikuwa na uwezo wa kuamua suala la heshima. Na kwa kuliamua la pili lilifanya la kwanza lionekane kuwa limekwisha.

Ikumbukwe pia kwamba hata uthibitisho wa Stanley haukufunga mjadala wa chanzo. Ziwa hupokea mito, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera, ambao Speke aliuvuka mwaka 1862. Ukiufuata Kagera unafika Rwanda na Burundi. Huko Rutovu, Burundi, ipo piramidi ndogo inayoonyesha chemchemi ya kusini kabisa, iliyotambuliwa na Mjerumani Burkhart Waldecker mwaka 1937. Nchini Rwanda nako huonyeshwa chemchemi katika msitu wa Nyungwe. Mto mkubwa hauna mlango mmoja. Ngao ilihitaji mlango mmoja ili uwe na mwenyewe mmoja.

5.0 Wasiokuwemo Katika Ngao

Kanuni ya nembo huruhusu sanamu za binadamu kuishika ngao, na koo nyingi za Uingereza zinazo. Katika nembo ya Speke hakuna mtu. Afrika inawakilishwa na maji na wanyama. Mtazamaji asiyejua angeweza kudhani kwamba Speke alifika katika nchi isiyokuwa na wakazi.

Ukweli ni kwamba habari za ziwa zilimfikia kwa midomo ya watu. Mwaka 1857, huko Kazeh, mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir aliwaeleza Burton na Speke kwamba upande wa kaskazini kuna maji makubwa kuliko Tanganyika. Speke hakukijua Kiarabu wala Kiswahili. Alitegemea Kihindustani, lugha aliyoijua kwa utumishi wake wa jeshi India, na aliyeijua lugha hiyo katika msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India na kuishi huko miaka mingi kabla ya kurudi pwani ya Afrika Mashariki. Habari za ziwa zilisemwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za bara, zikageuzwa Kihindustani, kisha zikaandikwa kwa Kiingereza. Neno moja la dhahabu kwenye ngao ndilo lililobaki mwishoni mwa mnyororo huo mrefu.

Bombay alitunukiwa nishani ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, na mwaka 1876 akapewa malipo ya uzeeni. Hiyo ilikuwa heshima halisi, na haifai kuibeza. Lakini tofauti ya aina mbili za heshima iko wazi: nishani ilikuwa ya mtu mmoja na ilikoma naye, ilhali nembo ilikuwa ya kurithiwa. Tena katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke mwenyewe alikiri kwamba katika safari hiyo alimpiga Bombay kwa mikono yake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulikwepa neno lenyewe hapa. Kiboko, yule anayeishika ngao upande wa kushoto, katika lugha yetu ni mnyama na pia ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake, ambao wapagazi wa misafara waliufahamu vizuri. Waliochora nembo hawakukusudia maana hiyo ya pili. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunaikuta imo.

Majina nayo hayakuingia. Waganda waliliita ziwa Nnalubaale, Waluo waliliita Nam Lolwe, na mto unapotoka ziwani ulijulikana kwa Waganda na Wasoga kama Kiyira. Mahali pa maporomoko paliitwa kwa mawe yake, na neno hilo la Kiganda lenye maana ya jiwe, ejjinja, ndilo lililobaki katika jina la mji wa Jinja. Maporomoko yenyewe, yaliyopewa jina la Ripon, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Jina la Kiingereza lilipotelea majini. Jina la mawe bado limo midomoni mwa watu.

6.0 Kiboko Upande wa Pili: Muziro wa Koo za Buganda

Speke alipokaa kwa Mutesa alikuwa katikati ya jamii iliyokuwa na mfumo wake kamili wa alama za ukoo. Kila Muganda huzaliwa katika ukoo wa baba yake, na kila ukoo una muziro, yaani mnyama, mmea au kitu kinachoutambulisha. Apolo Kaggwa, Katikkiro wa Buganda, aliziandika habari za koo hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na mfumo wenyewe ungali hai. Miongoni mwa koo hizo umo ukoo wa Nvubu, na nvubu ni kiboko. Umo pia ukoo wa Mmamba. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anapaswa kujihadhari: mmamba kwa Kiganda si mamba wa Kiswahili, bali ni yule samaki aitwaye kamongo, mamba wa Kiswahili Waganda humwita ggoonya. Mkuu wa ukoo wa Mmamba, mwenye cheo cha Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka ziwani. Alama ya ukoo huo na kazi ya mkuu wake zote zilihusu maji yaleyale yaliyokuja kuchorwa London.

Kufanana kwa mifumo hii miwili ni dhahiri. Yote hupita kwa baba, yote hutambulisha uzao, na yote hutumia viumbe. Ila inatofautiana katika jambo la msingi. Nembo ya Kiingereza huwazuia watu wengine: asiyekuwa wa ukoo asiitumie. Muziro humzuia mwenyewe: mtu wa ukoo wa Nvubu hali kiboko, na haoi wala haolewi ndani ya ukoo wake. Kiswahili kinalo neno la asili moja na hilo, mzio, yaani kitu ambacho mtu amekatazwa kukila. Alama katika mfumo huu ni wajibu kabla ya kuwa heshima.

Kwa hiyo mwaka 1867 kiboko wa Nyanza alikuwa na maana mbili katika mabara mawili. Huko Somerset alikuwa mshika ngao, kiumbe aliyesimama kuinua sifa za mtu. Huko Buganda alikuwa ndugu wa ukoo, kiumbe ambaye watu fulani walipaswa kujizuia kwa ajili yake. Speke alikuwa mwindaji hodari, na kwa mwindaji wa tabaka lake mnyama alikuwa kumbukumbu ya ushindi. Picha ya kiboko kwenye nembo inaisema desturi hiyo ya uwindaji. Haisemi lolote juu ya watu waliokuwa wameshaishi na kiboko kwa mkataba mwingine.

Haifai, hata hivyo, kuufanya mfumo mmoja kuwa safi na mwingine kuwa mwovu. Koo za Buganda nazo zilishindania vyeo, ardhi na nafasi katika ikulu, na historia zake zilisimuliwa kwa namna ya kuimarisha madai hayo. Ulinganisho wetu una lengo dogo zaidi. Unatuonyesha kwamba alama haina maana ndani yake yenyewe. Maana yake hutokana na sheria inayomfunga anayeibeba.

7.0 Miaka Mia Moja Baadaye: Nembo ya Uganda

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, miaka mia moja na miezi michache baada ya Speke kufika kwenye maporomoko. Taifa jipya lilijichagulia nembo kwa kutumia kanuni zilezile za Ulaya, kama zilivyofanya Tanganyika na Kenya. Ina ngao, ina washika ngao wawili, ina kaulimbiu. Lakini ngao yenyewe ni ya Kiafrika kwa umbo, na nyuma yake imepishanishwa mikuki miwili. Upande wa kulia yupo swala wa Uganda na upande wa kushoto yupo korongo mwenye kishungi.

Sehemu ya juu ya ngao, mahali pa heshima, yamechorwa mawimbi ya buluu yanayowakilisha ziwa. Chini yake lipo jua, na chini ya jua ipo ngoma inayowaita watu. Ngao imesimama juu ya kilima cha kijani, na kilimani hapo unapita mto Nile, kando yake ikiwamo mimea ya kahawa na pamba. Ukiilinganisha na nembo ya Speke unaona kwamba maji yamewekwa mahali palepale, kichwani mwa ngao, lakini hayana neno juu yake. Mawimbi hayahitaji kuandikwa jina, kwa sababu wanaoitazama nembo hiyo wanajua ni maji gani. Mto nao haukuwekwa kama tendo la mtu. Umewekwa kama sehemu ya nchi, pamoja na kazi za wakulima wanaoishi humo.

Sina ushahidi kwamba waliobuni nembo ya Uganda waliifikiria ile ya Somerset, na hoja yangu haitegemei hilo. Inatosha kuona kwamba kanuni ileile iliweza kusema mambo mawili tofauti mara ilipobadilika mikono.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameisoma nembo ya ukoo mmoja wa Kiingereza kama hati inayohusu Afrika Mashariki. Yameonyesha kwamba nyongeza ya mwaka 1867 ilifanya mambo matatu: ilitoa heshima kwa mtu aliyekwisha kufa bila kuheshimiwa vya kutosha na nchi yake, ilitangaza kuwa limekwisha suala lililokuwa bado wazi, na iliuwakilisha ukanda wenye watu wengi kwa maji na wanyama peke yake. Jambo la kwanza lilikuwa la huruma kwa baba aliyefiwa. La pili lilikuja kuonekana kuwa sahihi, ingawa kwa ushahidi wa mtu mwingine. La tatu halikusahihishwa kamwe ndani ya nembo hiyo.

Kuna funzo la kiutafiti katika hilo. Speke alikuwa na haki kuhusu maporomoko, na nembo yake bado ni shahidi dhaifu, kwa sababu ilitolewa kabla ya ukweli kujulikana na ingetolewa vivyo hivyo hata kama angekuwa amekosea. Mwanahistoria anayekutana na nembo, iwe ya ukoo, ya kampuni, ya mji au ya taifa, asianze kwa kuuliza kama inasema kweli. Aanze kwa kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuichora, na ni nani aliyewaelekeza wachoraji njia kisha asichorwe. Katika kisa hiki jibu la swali la pili tunalo, na lina majina: Snay bin Amir wa Kazeh, Sidi Mubarak Bombay wa Uyao, na wavuvi, wapagazi na wapiga makasia wa Nnalubaale ambao walikuwa wakiyajua maji hayo kwa jina lake kabla hayajaandikwa "Nile" kwa dhahabu.